Kabla ya kuuza korosho, ulizeni habari za wodi

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Mwaka 2016 kijana wangu, aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), alikosa nafasi ya udaktari katika vyuo vya nyumbani. Akaja wakala na picha za chuo kimoja cha China. Masomo kule huanza Septemba, na minada yetu huanza Oktoba. Ili nipate ada nikauza kangomba, yaani kwa mlanguzi kabla ya mavuno, korosho zikiwa bado maua, kwa bei ambayo hadi leo inaniuma.

Habari za wagonjwa sikuuliza hata moja.

Darasani walifundishwa kwa Kiingereza. Wodini mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kichina, daktari anamjibu kwa Kichina, mwanangu kasimama nyuma na daftari. Akajifunza lugha. Mwaka wa nne ndipo alipoanza kuelewa, na Januari 2020 akaja likizo. Korona ikafunga mipaka.

Hadi 2022 alisomea udaktari kwenye simu, uani kwangu. Kule wametutangulia saa tano, hivyo kipindi chao cha saa mbili asubuhi kwetu ni saa tisa usiku. Nilikuwa nikiamka namkuta kajifunika shuka, anatazama upasuaji kwenye kioo kidogo, mtandao unakatika. Mama yake alimchemshia chai. Hatukuwa na la kumwambia.

Alirudi China, akamaliza. Mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, aliufaulu mara ya pili. Siku bibi mmoja alipomweleza tumbo lake kwa Kimakonde, jioni alinipigia: "Baba, leo nimemsikiliza mgonjwa mwenyewe, neno kwa neno."

Sisemi watoto wasiende nje. Nafasi za hapa hazitoshi, na madaktari tunawahitaji sana. Lakini mzazi, muulize wakala: mwanangu atamgusa mgonjwa mwaka wa ngapi, na wataongea lugha gani? Akizungukazunguka, mwache. Kisha nenda mwenyewe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanaotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaosoma nje, na uliulize Baraza, maana ndilo litakalomsajili.

Ombi langu kwa TCU na Baraza: njooni Newala, Tandahimba na Masasi mara tu matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Mdogo wake yuko kidato cha sita sasa, naye PCB, na wakala ameshanipigia simu.

Mzazi,
Newala, Mtwara