Nafasi Kati ya Vitu

Mji Mkongwe, Unguja

Neema ndugu yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba watoto na wanangu wote. Sisi huku hatujambo, na Mama anakuulizia kila akisikia Kigoma ikitajwa redioni.

Ama baada ya salamu, picha zako nimezipata zote na nimezikalia jioni nzima. Nimefurahi sana. Kamera imeangukia mikononi mwa mtu anayependa watu, na hilo hakuna darasa linalolifundisha. Umeniuliza ununue lenzi gani, kwa kuwa unaona picha zako zimejaa vitu lakini jicho halijui lishike wapi. Lenzi iache kwanza. Hiyo ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera itakutosha kwa muda mrefu. Kinachozisumbua picha zako ni kwamba vitu vimepandana. Itoe ile ya wavuvi watatu wa Kibirizi uitazame tena: wa katikati amefunikwa bega na mwenzake, kasia lililo nyuma limetokezea kichwani pa yule wa kulia, na suruali zao zimeshikana na ubavu wa mtumbwi hadi hujui nguo inaishia wapi na mbao inaanzia wapi. Ungesogea kushoto hatua moja, kila mmoja angepata mahali pake.

Hilo ndilo nililokaa kukuandikia leo, na mengine yote yanatoka humo: itazame nafasi iliyo kati ya vitu kabla hujavitazama vitu vyenyewe.

Kuna picha moja nataka uitafute kwenye simu yako usiku wa leo. Aliipiga Martin Munkácsi, Mhungari aliyeanzia kwenye picha za michezo magazetini, mnamo mwaka 1930 hivi, nayo inajulikana kwa jina la Wavulana Watatu, Ziwa Tanganyika. Jina lake linataja maji hayo hayo unayoyaona ukifungua dirisha! Wavulana watatu wametupa migongo, wanakimbilia wimbi. Miili ni myeusi kabisa, sura hata moja huioni, na povu mbele yao ni jeupe. Wako karibu karibu, lakini viungo vyao vinasomeka: mkono huu umeinuka, mguu ule umebaki nyuma, na katikati yao mwanga unapita. Ukiziba kwa vidole vyako vile vipande vyeupe vilivyo kati ya mikono na viuno, mbio zinakufa palepale. Furaha yote ya picha ile imekaa kwenye nafasi hizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana mmoja wa Kifaransa aliyekuwa amejifunza uchoraji kwa André Lhote aliiona picha hiyo. Ni Henri Cartier-Bresson. Mwaka 1932 akapata kamera yake ndogo ya Leica, na hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba ni picha ile iliyomwasha. Mimi naona haikuwa bahati kwamba aliyeguswa hivyo alikuwa mwanafunzi wa uchoraji. Mchoraji amezoea kuuliza umbo linakaa wapi na linaacha nini pembeni yake. Sisi wenye kamera tunapewa kila kitu kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kutenganisha.

Njia rahisi ya kuanza ni kufinya macho. Ukiwa pale mwaloni wanakoshushia samaki, kabla ya kuinua kamera, finya macho hadi uone mabaka tu, meusi na meupe. Mabaka yakiwa yameshikana, picha nayo itashikana. Sogea, subiri, au chutama, kisha finya tena. Watu watakushangaa siku za mwanzo, baadaye watazoea. Na kwa vile unawapiga watu walio kazini, waamkie na uwaombe kwanza, ukae nao kidogo hadi wakusahau. Aliyejikaza kwa ajili ya kamera hufunga mikono kifuani, na nafasi tunazozitafuta hufungwa pamoja nayo.

Nije kwenye mstari wa ziwa, maana umeonekana katika karibu kila picha yako. Upeo wa maji siku zote hukaa kwenye kimo cha jicho la kamera. Ukisimama wima mbele ya mtu wa kimo chako, mstari ule utampita machoni, na akiwa mrefu kidogo kuliko wewe utamkata shingo. Hakuna lenzi itakayolibadilisha hilo, ila magoti yako yanaweza. Chutama, kichwa chake kitapanda juu angani, kisafi. Panda ngazi za gati au ukingo wa mtumbwi uliovutwa mchangani, na mwili wake wote utaangukia ndani ya maji ya buluu. Ni picha mbili tofauti kabisa za mtu yule yule: wa kwanza anaonekana mkubwa, peke yake chini ya mbingu, wa pili anaonekana ni wa ziwa. Amua unataka kusema lipi, ndipo uchague magoti au ngazi. Siku ambazo hewa ni safi na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, una mstari wa pili, na hapo uangalie zaidi kichwa kisije kikakaa juu ya kilele.

Kuhusu kuzumu, yaani kuzungusha lenzi ili kuvuta kitu karibu, nakuomba jambo moja. Weka lenzi kwenye milimita 35 na uiache hapo mpaka uizoee. Kwa kamera kama yako, ambayo sensa yake, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, 35 inatazama karibu sawa na lenzi ya milimita 50 aliyoitumia Cartier-Bresson kwa sehemu kubwa ya kazi zake. Ukizumu huku umesimama palepale, unakata tu kipande cha picha ile ile, na kasia litabaki kichwani pa mvuvi, kubwa zaidi. Uhusiano wa kitu cha mbele na cha nyuma unaletwa na mahali uliposimama. Ukitaka mtumbwi wa mbele uwe mkubwa na watu wa nyuma wawe wadogo, usogelee mtumbwi. Ukitaka wakaribiane ukubwa, rudi nyuma, ndipo uzumu. Miguu kwanza, mkono baadaye.

Halafu kingo. Hapa wewe una mwalimu kabatini mwako. Tandaza kanga moja kitandani uitazame kama mchoraji: pindo linazunguka pande zote nne, mji umekaa ndani yake, na jina limepewa mahali pake pa kusomeka. Hakuna upande ulioachwa ujiendee. Fremu ya kamera nayo ina pindo, ingawa haijachapwa rangi. Kabla ya kubonyeza, tembeza jicho pande zote nne. Utakuta kiganja kilichokatwa kwenye kifundo, jani lililoingia bila kualikwa, nusu ya ndoo nyekundu inayoita jicho pembeni wakati mtu wako yuko katikati. Katika ile picha ya mwanafunzi wako aliyebeba madaftari, vidole vya miguu vimekatwa. Ama mpe miguu yote na ardhi kidogo ya kukanyaga, au mkate juu ya goti waziwazi, ijulikane kwamba ulikusudia.

Kanuni ya theluthi uliyoisoma, ya kugawa fremu kwa mistari miwili kwenda chini na miwili kwenda kando, usiiogope wala usiiabudu. Jina hilo lilianza kuandikwa na John Thomas Smith, msanii wa Kiingereza, mwaka 1797, akizungumzia uchoraji wa mandhari, miaka zaidi ya arobaini kabla upigaji picha haujatangazwa hadharani Paris mwaka 1839. Inafaa kwa kumtoa mtu kwenye mazoea ya kuweka kila uso katikati kabisa, na inafaa kwa anayetembea, ili awe na njia mbele yake. Lakini mlango wa kuchongwa wa huku Unguja, wenye mfaa uliosimama katikati ya mbao mbili, ukiupeleka kwenye theluthi umeuharibia heshima yake. Ule unataka katikati, unyooke, pande mbili zilingane. Kitu chenyewe ndicho kinachokuambia.

Mistari inayoongoza jicho nayo isikuchukue muda mwingi. Reli ya kati inaishia hapo kwenu tangu mwaka 1914, na kila mgeni mwenye kamera huipiga ikipotelea mbali. Mstari unaongoza jicho, sawa, lakini unalipeleka kwa nani? Kama mwisho wake hapana kitu, tafuta picha nyingine.

Sasa mwanga, na hapa nakuonea wivu. Kwa kuwa Kigoma iko magharibi sana na saa zetu ni zile zile, jua kwenu huchwa karibu saa moja jioni, zaidi ya nusu saa baada ya huku kwetu, nalo huchwa ziwani, mbele ya macho yako. Ukitoka kazini bado una muda. Ila ujue kwamba karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, hivyo mwanga ule laini wa chini haukai. Fika mapema, chagua mahali, panga nafasi zako, kisha ungoje watu waingie. Anayeanza kutafuta mahali jua likishakuwa jekundu atabaki na anga tupu.

Wakati huo kamera itakulazimisha kuamua. Nyuma pana ziwa linalong'aa, mbele pana mtu, na kipimo cha mwanga cha kamera kitalihesabu ziwa na kumfanya mtu wako awe mweusi. Ukikubali, una picha ya maumbo kama ya Munkácsi, na hapo nafasi kati ya miili ndiyo kila kitu, kwa maana sura hazitakuokoa. Ukitaka sura, ongeza mwanga kwenye kamera hatua moja au moja na nusu, na uache ziwa liungue kuwa jeupe. Ngozi zetu zinastahili kupimiwa zenyewe, ziwe na rangi yake na mng'ao wake. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na macho yamezama kivulini, mwite mtu kwenye kivuli cha mlango atazame nje. Mchanga mweupe utamrudishia mwanga usoni kutoka chini.

Dagaa wapige asubuhi. Picha uliyowapiga mchana kwenye chanja ni zulia la kijivu, huwezi kujua kama ni samaki au kokoto. Jua likiwa chini na likija kwa ubavu, kila dagaa anapata kivuli chake chembamba, na ukitazama tu unajua mkono ungehisi nini.

Ile ya mama wa mawese nimeipenda kuliko zote, na nina maneno mengi juu yake. Amevaa kitenge cha maua, nyuma yake kuna pazia la maua, na wewe umeandika kwamba imechanganyika mno. Mtafute Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948. Alipigia uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Alikuwa akikibadilisha kila baada ya miaka michache, hata baadaye akaweza kukisia mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa. Katika picha zake, wanawake wenye nguo za marembo wamekaa mbele ya marembo, na bado huwezi kuwapoteza, kwa sababu uso na mikono ndiyo sehemu pekee zilizotulia katika fremu nzima. Jicho linakimbia kwenye maua, linachoka, linakuja kupumzika usoni. Mama wako wa mawese anahitaji hilo tu. Mwombe ashushe mkono ulioziba kidevu, wewe sogea karibu, na zile chupa zisizidi mbili au tatu, ziwekwe mahali jua litapita ndani yake ziwake. Wekundu ule ukiwa mdogo mbele ya buluu pana ya ziwa una uzito mkubwa. Ukijaza fremu nzima na chupa, uzito unapungua.

Na rangi ikikuchanganya, izime. Weka kamera kwenye nyeusi na nyeupe kwa siku kadhaa. Ukija likizo nitakupeleka Capital Art Studio, hapo Shangani, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukutani utaona mitaa hii hii tunayopita kila siku ikiwa imegawanyika ukuta wa jua na ukuta wa kivuli, na mtu mmoja anapita kwenye ufa wa katikati. Nikitoka mle huwa natembea polepole hadi nyumbani.

Wiki ijayo rudi Kibirizi, chagua mahali pamoja, upige wavuvi wale wale kutoka kulia, kushoto, umechutama na umepanda juu. Usinichagulie zilizo nzuri. Nitumie zote kwa mfuatano ulivyozipiga, nataka kuona miguu yako ilikokwenda. Ya lenzi tutayazungumza nikishaziona. Nahisi utakachohitaji ni milimita 35 moja ya bei nafuu, lakini tusitangulie.

Mwambie baba watoto yale mawese aliyoahidi bado tunayangoja.

Wako akupendaye,
Zuwena