Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Shangani, kabla hujamaliza kupamba nyumba

Mdogo wangu mpendwa,

Picha ulizotuma kwenye kundi la familia nimezitazama zote. Kibaraza kimependeza, na ule mvinje uliousimamisha sebuleni umenifurahisha kuliko mti wowote wa plastiki. Lakini mwanao wa mwaka na nusu ameanza kutembea, una paka, una mbwa mdogo asiyeacha kitu bila kukitafuna, na siku ya Krismasi, tarehe 25, watoto wa ukoo mzima watajaa hapo kwako. Kwa hiyo nisikilize kwanza. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina mimea na mapambo hayo hayo yanayoweza kudhuru watoto na wanyama.

Uliniuliza kuhusu poinsetia, lile ua la chungu lenye majani mekundu, maana shoga yako kakwambia linaua. Haliui. Uvumi huo unatajwa kuanzia Hawaii mwaka 1919, iliposemekana kwamba mtoto wa afisa wa jeshi la Marekani alikufa kwa kutafuna jani lake. Baadaye ikabainika kuwa habari yenyewe haikuwa na ushahidi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupitia taarifa 22,793 za watu waliogusa au kula poinsetia. Hakufa hata mmoja, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakupata dhara lolote. Utomvu wake mweupe unaweza kuwasha ngozi, kumchefua mtoto, au kumtapisha paka. Lipandishe juu ya kabati, yatosha.

Kinachonikera ni kwamba tunaliogopa ua hilo la kununua, na huku nyuma ya nyumba tumejizungushia ndugu yake aliye mbaya zaidi. Mnyaa na poinsetia ni wa ukoo mmoja wa mimea. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Jicho huvimba na mtu anaweza asione kwa siku kadhaa, na asipotibiwa mapema anaweza kubaki na kovu. Desemba watoto wako likizo, wanachezea uani kutwa nzima, na vijiti vya mnyaa vinavunjika kirahisi. Waonye wote mapema, hata wale wakubwa wanaojiona wanajua. Wala usikate matawi yake kuyaweka kwenye chombo cha maua, hata kama yanakaa kijani muda mrefu. Utomvu ukimwingia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kisha mpeleke hospitali. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya macho iliyobaki kabatini.

Sasa tuje getini. Kile kichaka chenye majani marefu membamba na maua ya waridi, ulichosema utakata matawi yake upambe meza ya chakula, ni oleanda. Tafadhali usikate. Mmea huo una sumu jani, ua, tawi hata mzizi, na sumu yake inashika moyo. Ni ya jamii moja na dawa ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo kwa kipimo kidogo mno, ila kwenye mmea hakuna anayepima. Hata maji ya chombo ulichosimamishia matawi yake si ya kufikiwa na paka mwenye kiu. Ule mwingine wa maua ya njano yenye umbo la kengele, unaozaa tunda la kijani lenye kokwa gumu, ni wa hatari hiyo hiyo, na kokwa lake ndilo baya zaidi. Na yule mbuzi wa sikukuu mtakayemleta siku mbili kabla, mfungeni mbali kabisa na vichaka hivyo. Mbuzi aliyefungwa akiwa na njaa hachagui.

Bustanini kwako kuna pia mtapo. Makuti yake yanapendeza, najua, na watu huyatumia kupamba. Kwa mbwa mdogo ni hatari kubwa, hasa zile mbegu zake nene: zinaharibu ini, na mbwa anaweza kufa hata baada ya kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Okota mbegu zote zilizodondoka. Ukitaka upinde wa mlangoni, tumia makuti mabichi ya mnazi kama wazee wetu walivyofanya kwenye harusi na Maulidi, uyachomekee asumini na mrihani. Nyumba itanukia vizuri, na mtoto akitia jani mdomoni hutapandwa na presha.

Kuna kitu kimoja ninachotaka ukitafute leo hii. Tipitipi. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, wanazotunga shanga, bangili na mapambo ya ukutani, na mara nyingine kutia ndani ya kayamba. Ganda lake ni gumu, hivyo mbegu nzima ikimezwa mara nyingi hupita tu. Lakini ya shanga imeshatobolewa, na mtoto mwenye meno anaweza kuitafuna, hapo sumu inapata njia ya kutoka. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata zaidi ya siku: kutapika, kuharisha damu, kulegea. Mtoto anacheza, mnasema hajambo, kumbe kazi inaendelea ndani. Nakuomba usingoje dalili. Kama umeona mbegu imepungua na mtoto alikuwa hapo, ondoka naye kwenda hospitali.

Halafu zile taa ndogo ndogo za kumetameta. Za kuchomeka ukutani zina hatari yake ya waya, na mbwa wako anatafuna waya, kwa hiyo zipitishe juu na uzizime mnapolala. Ila ninazoziogopa mimi ni zile za betri: taa za ndani ya chupa, mishumaa ya plastiki, kadi zinazoimba, vidude vya kuchezea vya bei rahisi. Humo kuna betri ya duara, bapa, inayong'aa kama sarafu, na yenye upana wa milimita 20 hivi ndiyo inayokwama kooni mwa mtoto mdogo. Ikikwama, mate yanaruhusu umeme upite, na panapogusana na nyama panatengenezwa kemikali kali inayochoma. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza umio vibaya. Mtoto hupaliwa kidogo, hukohoa, hutoa udenda, hukataa chakula; mzazi anadhani ni mafua.

Kwa hiyo kagua kila kidude. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, kisiingie nyumbani, au kizungushie gundi ya karatasi nene na ukiweke juu. Betri iliyokwisha usiiache mezani, maana inaunguza vile vile. Na ukihisi tu kwamba mtoto kameza, usimtapishe, usimlishe ugali wala ndizi ili ishuke. Ondoka kwenda hospitali ya Ligula saa hiyo hiyo, umwambie daktari wazi kwamba ni betri ili apigwe picha haraka. Mtoto aliyetimiza mwaka na anayeweza kumeza unaweza kumpa asali njiani, vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, hadi mara sita, inapunguza kuungua. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Na kama asali haipo nyumbani, usipoteze hata dakika moja kuitafuta.

Mengine nitayapitia haraka. Maputo yaliyopasuka okota vipande vyote, maana kipande cha puto kikinasa kooni mwa mtoto hakitoki kirahisi. Nyuzi za kumetameta na riboni usizininginize paka anapofika. Akimeza uzi mrefu, utumbo unajikunja na inabidi apasuliwe. Ukiletewa maua ya yungiyungi ya dukani, mpe jirani asiye na paka. Paka akilamba hata unga wa ua hilo, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku tatu. Makombo ya pilau usimwagie mbwa wala paka, kwa sababu vitunguu ni sumu kwao, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mvinje wako nao, kwa joto hili la Desemba, utakauka upesi, basi mshumaa usikae karibu nao hata umeme ukikatika. Moto ukishika, namba ya Zimamoto ni 114.

Na chupa za soda, mdogo wangu. Siku hiyo zitazagaa kila kona, na kila mtoto atajua kwamba kilichomo ni kitamu. Kama kuna chupa ya soda yenye mafuta ya taa jikoni au stoo, ihamishe leo, ifungie. Aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, kwa kuwa yakipanda yanaingia mapafuni. Uraka wa wajomba, ile pombe ya mabibo, nao uishie mikononi mwao. Glasi zikusanywe kabla ya kulala, kwani asubuhi watoto ndio wanaoamka wa kwanza, na pombe kidogo tu inashusha sukari ya mtoto mdogo mpaka azimie.

Likitokea lolote, chukua tawi, mbegu au pakiti ya kitu chenyewe uende nacho, na kumbuka saa lilipotokea. Daktari atakuuliza hayo mawili kabla ya mengine. Kwa paka na mbwa ni vivyo hivyo, na namba ya daktari wa mifugo nimekutumia pembeni. Mpigie kesho umuulize kama atakuwepo mjini siku za sikukuu.

Jumamosi nakuja na panga na glavu tuikate ile oleanda. Matawi tutayafukia, hatutayachoma, maana hata moshi wake una sumu. Watoto wabaki kwa mama mkwe wako mpaka tumalize.

Dada yako akupendaye,
Mikindani