Mahujaji wa Namugongo watengewe njia yao, si ukingo wa barabara kuu

Mhariri,

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapokaribia kwisha, makundi ya waumini kutoka Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega hushika barabara ya Busia kuelekea Namugongo, karibu na Kampala, ili wawahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni. Wengi huenda kwa miguu, na wapo wanaofunga mzigo kwenye keria ya baiskeli na kwenda peke yao. Wote hao hubanwa mahali pamoja, kwenye ule ukanda mwembamba ulio baina ya lami na mtaro, huku malori ya mafuta yaliyopakia Kisumu na matrela yaendayo Uganda yakiwapita karibu kiasi cha kuwavua kofia. Naandika kupendekeza kwamba serikali za kaunti pamoja na majimbo ya kanisa ziwatengee mahujaji hawa njia ya ndani yenye alama na vituo vya kulala. Nayasema haya nikiwa nimeiona kazi ya namna hiyo nchini Ufaransa, ambako nilisafiri kwa baiskeli, peke yangu, kutoka mji wa Vézelay hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees.

Ukimtajia Mkenya baiskeli na Ufaransa kwa pamoja, fikira zake hukimbilia Tour de France, wala halaumiki, maana Chris Froome aliyezaliwa Nairobi aliyashinda mashindano hayo mwaka 2013 na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 2015. Mimi sizungumzii mashindano. Nazungumzia barabara ndogo za mashambani, ambako mtu aliyekwisha kustaafu ualimu, juu ya baiskeli ya chuma iliyokwisha kutumiwa na wengine, aweza kuendesha asubuhi nzima akapishana na trekta moja na gari la posta.

Njia hiyo ya Vézelay ni mojawapo ya njia nne za kale za Ufaransa ziendazo Santiago de Compostela, Uhispania, kwenye kanisa ambamo waumini huamini kwamba amezikwa Mtume Yakobo. Mwongozo wa mahujaji ulioandikwa karne ya 12 unazitaja zote: ya Tours, ya Vézelay, ya Le Puy na ile ya kusini ipitayo Toulouse. Tatu za kwanza hukutana karibu na kijiji cha Ostabat, katika nchi ya Wabaski. Mwaka 1998 UNESCO iliziingiza njia hizo za Ufaransa katika orodha ya urithi wa dunia. Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba zilidumu zikitumika tangu zama hizo hadi leo. Zilikuwa zimesahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliofika Santiago na kupewa hati ya hija walikuwa mamia machache tu kwa mwaka, ilhali mwaka 2023 walizidi 440,000.

Kilicholeta mabadiliko hayo ndicho kinachonifanya niandike barua hii. Upande wa Uhispania, paroko wa kijiji cha O Cebreiro aliyeitwa Elías Valiña alichukua rangi ya manjano mwaka 1984, ile iliyotumika kuchora mistari ya barabarani, akaanza kupaka mishale kwenye miti, kuta na mawe, kila palipo na njia panda. Hakungoja bajeti ya serikali. Upande wa Ufaransa, vyama vya wapenzi wa njia hizo vilifanya vivyo hivyo kwa vibandiko na vibao vidogo, na wanachama wake wakajitolea kupokea wageni katika nyumba za parokia, shule za zamani na majengo ya halmashauri za vijiji. Sikuona barabara hata moja iliyojengwa upya kwa ajili ya hujaji. Barabara zilikuwapo tangu hapo, zikakosa tu wa kumwambia mgeni, kwenye njia panda, apinde kushoto au kulia. (Ni kweli kwamba Wafaransa wamegeuza reli nyingi zilizoachwa kuwa njia za baiskeli, kama ile ya kati ya Givry na Cluny, lakini jambo hilo siliombi huku kwetu. Reli ya kutoka Kisumu hadi Butere ibaki ya treni.)

Naomba nieleze kidogo jinsi siku ya hujaji inavyokwenda kule, kwa sababu ni humo mambo yaliyo rahisi kuigwa yanapoonekana. Alfajiri unaondoka kwenye nyumba ya mahujaji ukiwa umekunywa kahawa na kupigiwa muhuri katika kijitabu chako, ambacho ndicho kinachothibitisha kwamba wewe ni msafiri wa njia hiyo wala si mtu anayetafuta malazi ya bei nafuu. Maji unayapata makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yaliyozungushiwa ukuta, na karibu na lango pana bomba la maji ya kumwagilia maua. Waendesha baiskeli hujaza chupa zao hapo, isipokuwa pale palipobandikwa ilani kwamba maji si ya kunywa. Mara ya kwanza nilisita, kwa kuwa nilikolelewa mimi mtu haendi makaburini kutafuta kinywaji. Mama mmoja aliyekuwa akibadilisha maua kwenye kaburi alininyooshea kidole kuelekea bomba bila kusema neno, kisha akaendelea na kazi yake. Jioni unafuata kibao chenye mchoro wa gamba la kombe wa baharini, wa manjano juu ya rangi ya buluu, hadi mlangoni, ambapo hupokewa na mzee aliyestaafu kazi ya posta au uuguzi, aliyekuja kutoka mji mwingine kujitolea kwa wiki mbili hivi. Baadhi ya nyumba hizo hazina bei. Kuna kisanduku karibu na mlango, na kila mtu hutia anachoweza, usiku, bila kutazamwa.

Si kila kitu kinapendeza, na ningekuwa mwongo kama ningeisifu nchi ile kupita kiasi. Vijiji vingi vimebaki na wazee watupu. Maduka hufungwa adhuhuri, na siku ya Jumatatu waweza kupita vijiji vitatu usipate wa kukuuzia mkate. Spoki ikikatika kati ya La Charité-sur-Loire na Limoges, ni wewe na Mungu wako, kwa kuwa mafundi wa baiskeli wako mijini na hutaka uweke miadi kwanza. Hapa ndipo nilipoikumbuka nchi yetu kwa fahari. Kutoka Kisian hadi Bumala, ni senta gani isiyo na fundi wa baiskeli chini ya mti, mwenye pampu, tyubu kuukuu ya kukatia viraka na karai la maji la kutafutia tundu? Ni wapi utakosa chai na viazi vitamu saa yoyote ya mchana? Mfaransa anayetaka kuifufua njia ya hija hana budi kwanza kuwarudisha watu kijijini, wakati sisi watu tunao.

Parokia tunazo pia, na nyingi zina kumbi ambazo hukaa tupu usiku kucha. Kutoka Kibuye mjini Kisumu, kupitia Yala na Butula hadi Busia, hujaji wa baiskeli anaweza kulala kwenye uwanja wa kanisa kila siku bila kujilazimisha mwendo mrefu, na hata yule wa miguu atahitaji vituo vichache tu zaidi ya hivyo. Shule zetu za msingi, ambazo nimezifundisha muda mrefu na nazijua milango yake, zinaweza kuziba pengo pale ambapo parokia ziko mbali. Mpakani Busia hakuna tatizo kubwa, kwa sababu Mkenya huvuka kwa kitambulisho, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018 kimepunguza foleni ya watu ingawa hakijaimaliza ile ya malori.

Vikwazo vipo, na kile cha kwanza ni madaraja. Barabara za ndani zenye murram zinaweza kumtoa hujaji kwenye barabara kuu kwa sehemu kubwa ya safari, lakini mto Yala na mto Nzoia huvukwa kwa madaraja machache, na huko msafiri hulazimika kurudi kwenye lami pamoja na matrela. Kwa hiyo rangi na vibao pekee havitatosha kwenye madaraja. Katika wiki ya mwisho ya Mei wanahitajika askari wa trafiki wa kupunguza mwendo wa magari, au vizuizi vya muda vya kumtenga mtu wa miguu na gari. Sheria ya Ufaransa humtaka dereva aache mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli nje ya mji, na mita moja mjini, nami nilishangaa jinsi madereva wa malori walivyoitii hata penye kona. Sheria ya aina hiyo si kazi ya kaunti, basi siiombi katika barua hii, ila wabunge wetu wakisoma hapa wameisikia.

Kikwazo cha pili ni mvua. Hija ya Namugongo huangukia mwishoni mwa masika, wakati udongo mwekundu wa Luanda na Yala unaposhika kwenye madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Njia itakayochaguliwa haina budi ikaguliwe mvua ikinyesha, siyo wakati wa kiangazi na afisa aliyeketi ndani ya gari.

Kuna pia pingamizi la kidini, ambalo nimelisikia kanisani na siwezi kulipuuza. Wapo wanaosema kwamba mashahidi walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, na kwamba anayekwenda kuwaenzi akiwa juu ya gurudumu anakwepa nusu ya sadaka. Nawaheshimu wanaosema hivyo, na kama magoti yangu yangeruhusu ningeungana nao. Lakini kanisa kuu la Santiago lenyewe linamkubali mwenye baiskeli, likimtaka aendeshe kilomita 200 za mwisho pale ambapo wa miguu hutakiwa kutembea kilomita 100. Kisumu hadi Namugongo ni takriban kilomita 300. Mwenye kupanda kilima cha kutoka Kisian hadi Maseno akiwa na mzigo kwenye keria atakuwa amekwisha kujibiwa swali la sadaka kabla hajafika Luanda. Zaidi ya hayo, katika mkoa wa Landes, nje ya Labastide-d'Armagnac, niliingia kanisa dogo la kale ambalo tangu mwaka 1959 limewekwa chini ya Bikira Maria, Mama wa Waendesha Baiskeli, na kuta zake zimejaa fulana za wapanda baiskeli mashuhuri, zimetundikwa mahali ambapo kwetu pangetundikwa picha za Njia ya Msalaba. Nilipiga magoti pale nikiwa na bangili za kubania suruali miguuni, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Wala jambo hili si la Wakatoliki peke yao. Kati ya mashahidi 45 wanaokumbukwa, 23 walikuwa Waanglikana, na huku Maseno, ambako wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo mwaka 1906, wenye sababu ya kwenda Namugongo ni wengi. Ninaishi papa hapa Maseno, ambapo Kisumu na Vihiga zingali zinagombania mpaka. Naziomba kaunti hizo mbili zisigombanie kibao cha hujaji pia. Kila moja iweke chake, hata vikitazamana.

Ninachoomba ni hiki. Jimbo Kuu la Kisumu na majimbo ya Kakamega na Bungoma, pamoja na wenzao wa Kianglikana, wateue parokia zitakazofungua kumbi zao katika wiki mbili za mwisho za Mei, na watoe kijitabu kimoja cha mihuri kitakachotambuliwa na zote. Kaunti za Kisumu, Vihiga, Siaya na Busia zitoe rangi na ruhusa ya kupaka mishale kwenye nguzo na mawe ya barabara za ndani. Gharama yake haifiki ile ya mabango yanayowekwa gavana anapozindua kisima. Maofisa wa barabara wakague madaraja ya Yala na Nzoia pamoja na polisi, watuambie kupitia ukurasa huu wanakusudia kufanya nini. Kazi ya kupaka ifanywe Januari au Februari, rangi ipate kukauka kabla ya masika. Kwa upande wangu, nimekwisha kuipita kwa baiskeli sehemu ya kutoka Maseno hadi Yala kwa barabara za ndani, wakati wa mvua, na ramani niliyoichora kwa mkono nitamkabidhi paroko yeyote atakayeihitaji.

Mwalimu mstaafu,
Maseno.