Malalamiko kuhusu seti ya kinu cha upepo cha kuwashia taa za LED

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: DINAMO ISIYOENDANA NA MAPANGA KATIKA SETI YENU YA WATI 60

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumenunua seti yenu ya kujiundia kinu cha upepo: mapanga matatu yenye kipenyo cha sentimita 60, dinamo ya sumaku, waya wa mita 20, kidhibiti chaji, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, na utepe wa taa za LED. Imefungwa kama kijitabu kinavyoelekeza. Taa zinawaka mpaka chaji iliyokuja na betri inapokwisha, basi. Kinu hakiongezi kitu.

Kosa kubwa ni dinamo. Kibandiko chake kinasema volti 12 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Dinamo ya sumaku hutoa volti kulingana na mwendo, kwa hiyo kwa mizunguko 600 inatoa volti 2.4 tu. Tuliizungusha shafti kwa drili kwa mwendo huo, mita ikasoma hivyo hivyo. Sasa angalieni mapanga. Ncha ya panga la namna hii likiwa na mzigo hukimbia takriban mara 5 ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaipa ncha mita 20 kwa sekunde, na kwa kuwa mzingo ni mita 1.88, hiyo ni mizunguko kama 640 kwa dakika. Volti 2.5! LED nyeupe moja peke yake inataka karibu volti 3, na utepe wenu umeziunga tatutatu kwa mfululizo, yaani karibu volti 9. Betri nayo haipokei chaji mpaka dinamo ipite volti 12.6 za betri. Hata kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde, ambao ndio mmeuandika kwenye boksi kwa maandishi madogo, hesabu hiyo hiyo inatoa volti 7.6.

Tafadhali msitujibu kwamba tuongeze gia. Mapanga madogo kiasi hiki hayana nguvu ya kuanza kuzungusha gia ya moja kwa tano katika upepo wa kawaida.

La pili linaudhi zaidi kwa sababu linamdanganya mteja. Hakuna dayodi ya kuzuia umeme kurudi, si kwenye waya wala ndani ya kidhibiti. Dinamo hii ni mota, na betri inaizungusha kama feni. Mteja anaona mapanga yanazunguka, anaamini umeme unaingia, kumbe unatoka, na asubuhi betri imekauka. Kuthibitisha ni rahisi: subirini upepo utulie kabisa, kisha chomoeni waya chanya wa betri. Mapanga yakisimama, betri ndiyo iliyokuwa ikiyaendesha. Betri ya risasi ikikaushwa hivyo mara kwa mara haidumu.

Waya mliotuma ni wa milimita 0.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 40, yaani ukinzani wa omu 1.4. Kwa ampea 3 mnapoteza volti 4.2 njiani. Waya wa milimita 2.5 za mraba ungepoteza volti 0.84.

Kidhibiti chenyewe ni cha sola. Betri ikijaa kinakata chanzo, jambo lisilo na madhara kwa paneli. Kinu kikikatwa kinabaki bila mzigo, mapanga yanakimbia ovyo na volti zinapanda. Mkibadilisha dinamo bila kubadilisha kidhibiti mtaleta hatari mpya: kinu kinahitaji kidhibiti kinachohamishia umeme wa ziada kwenye kipingamizi, yaani kifaa kinachougeuza kuwa joto. Cha omu 3.3 kinachohimili wati 100 kinatosha, kwani kwa volti 14.4 kinameza wati 63.

Na hizo wati 60. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake (kasi mara kasi mara kasi), hivyo upepo wa mita 12 una nguvu mara 27 ya ule wa mita 4. Katika mita 4, eneo la mapanga haya linapitiwa na wati kama 11, na kinu kizuri cha ukubwa huu kinavuna wati 2.5 hivi. Ni kidogo, lakini kinafaa: upepo wa saa 12 ni wati-saa 30, na baada ya upotevu bado taa ya wati 5 inawaka saa 4. Mapanga yenu yamechongwa vizuri, na kinachosikitisha ni kwamba seti ingeweza kufanya kazi hii.

Tunaomba mtume dinamo inayofikisha volti 13.5 kwa mizunguko 600, dayodi ya Schottky (aina inayopoteza volti kidogo) ya ampea 10, fyuzi ya kukaa karibu na betri (haikuwemo), waya mnene, kidhibiti cha kinu pamoja na kipingamizi chake, na betri mpya badala ya iliyoharibika. Kama hamna dinamo hiyo, turudishieni fedha zote. Kwenye boksi andikeni wati kwa upepo wa mita 4 na 6, siyo 12 pekee, na wanunuzi wengine wajulishwe wachomoe betri usiku mpaka wapate dayodi.

Tunatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14. Vipimo vya mita na picha za kibandiko cha dinamo vimeambatishwa.

Wenu,
Mafundi wanunuzi wa seti