Barua kwa mdogo wangu anayehamia Jos

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Nimesikia shemeji amepata uhamisho na mwezi ujao mnarudi kwao, Jos, mji wa katikati ya Nigeria. Hilo neno "kwao" ndilo limenikalisha chini kukuandikia.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama uwaogope Waislamu wa huko, kwa yale uliyosoma ya Septemba 2001, watu wapatao 1,000 walipouawa ndani ya siku chache. Sikukujibu vizuri. Nakujibu hapa hadharani, maana wanaouliza swali hilo ni wengi.

Shemeji kazaliwa Jos. Babu yake alifika huko enzi za Mwingereza, machimbo ya bati yalipokuwa yakivuta watu kila upande: Wahausa, Waigbo, Wayoruba. Lakini kwa serikali yeye si mwenyeji wa Jos. Yeye ni Mwigbo, na cheti chake cha asili kimetoka Anambra, jimbo la Waigbo kusini-mashariki mwa Nigeria, kwenye kijiji anachokwenda Krismasi tu. Alinionyesha siku ile ya mahari: karatasi ndani ya nailoni, picha ya pasipoti imegandishwa kwa gundi, muhuri umempita shavuni. Aliniambia bila karatasi hiyo kupata chuo cha serikali au ajira ya serikali ni shida tupu. Jirani yao Mhausa, mzaliwa wa mtaa uleule, alinyimwa cheti Jos, akaenda Kano, mji wa Wahausa kaskazini, alikotoka babu wa babu yake. Huko nako wakamwambia hawamjui.

Mambo ya 2001 yalichemkia hapo. Mhausa Mwislamu aliteuliwa kuratibu mpango wa serikali wa kupunguza umaskini katika Jos Kaskazini. Waberom, Waafizere na Waanaguta, wanaojihesabu wenye ardhi na wengi wao Wakristo, wakakataa: mgeni hawezi kugawa mali ya wenyeji. Kwa kuwa mgeni alikuwa Mwislamu na mwenyeji Mkristo, misikiti na makanisa ndiyo yaliyoungua.

Angalia Wayoruba, ambao mara nyingi nyumba moja ina Mwislamu na Mkristo na wote wanakula Iddi na Krismasi. Rais Tinubu wa Nigeria, Myoruba, ni Mwislamu, mkewe ni mchungaji wa Kikristo. Hata hivyo Machi 2023, katika uchaguzi wa gavana wa Lagos, watu walifukuzwa vituoni kwa kudhaniwa Waigbo, na mgombea mmoja, Gbadebo Rhodes-Vivour, akaandamwa kwa sababu mama yake ni Mwigbo. Dini haikuwa kisa hapo. Swali lilikuwa lilelile: wewe wa wapi?

Nisiwaonee walioandika katiba ya Nigeria. Walikuwa wametoka kwenye vita ya Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, 1967 hadi 1970, na hawakutaka kabila moja lishike kila kitu. Ndiyo maana mgombea urais lazima apate walau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Hilo nalipenda sana. Lakini katiba hiyohiyo inataka kila jimbo litoe waziri aliye mzawa wake, na uzawa unafuata damu ya mzazi au babu. Kukaa miaka 80 hakuhesabiki.

Baba mkwe wako alinishika mkono siku ile ya mahari akasema "Nyerere" tu, macho yamejaa machozi. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Mzee yule hajasahau.

Nasi tusijione wasafi. Sisi wa Kigoma tunajua. Uliniona niliporudi kutoka ofisi moja ya serikali, afisa wa dirishani ameniuliza mara tatu babu alizikwa wapi, kwa kuwa jina langu lilimsikikia kama la ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa mkononi, inayosema huyu namfahamu, anaishi hapa. Haikumtosha.

Kwa hiyo usimwogope jirani yako Mwislamu. Mpelekee sahani Krismasi, naye atakuletea Iddi. Nina wasiwasi na huyo uliyembeba tumboni. Atazaliwa Jos, atajifunza Kihausa mtaani kabla ya Kiswahili chako, na fomu zitamwita mtu wa Anambra. Fomu zijazeni kama sheria inavyotaka. Lakini siku atakapokuuliza, "Mama, kwetu ni wapi?", naomba umjibu bila kusita: ni hapa, Jos.

Wako,
Kaka