Risala ya kikundi cha ulinzi shirikishi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi afande mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), mwenyekiti wa mtaa, mabalozi, wazazi na wanamtaa wote, itifaki imezingatiwa, shikamooni.

Afande karibu sana, chai ipo kwa hiyo hatutarefusha. Kikao kilichopita tuliambiwa mtaa wetu umetulia manake kesi zimepungua kituoni, watu wakapiga makofi, ila sisi tunaozunguka usiku na rungu na filimbi tukabaki tunaangaliana.

Kuna taasisi moja ya Australia, hii inayopanga nchi kwa amani kila mwaka tangu 2007, sasa mwaka 2011 waliipima Marekani jimbo kwa jimbo, wakaangalia mauaji, uhalifu wa kutumia nguvu, wafungwa, idadi ya polisi na silaha zinavyopatikana. Maine ikawa kinara, Louisiana ikashika mkia. Na afande usitununie, kwao polisi wakiwa wengi maksi zinashuka, hapo tumewabishia maana huku hata huyo mmoja wa kata tunamgombania.

Shida ya kupima amani kwa kesi za kituoni iko hivi, maiti haifichiki ila simu iliyokwapuliwa inafichika. Mexico serikali yao huwa inapita majumbani kuuliza watu nini kimewapata, na imekuta katika kila makosa 100 zaidi ya 90 hayaripotiwi au hayafunguliwi jalada. Sisi je? Juzi mama ntilie wetu kaibiwa mtungi wa gesi na sufuria la maharage ya moto, tukafuata mchuzi njiani mpaka korongoni ukakatika. Tukamwambia mama nenda kituoni kachukue RB, ile namba ya kuonyesha umeripoti, akasema hiyo nauli ya boda kwenda na kurudi si bora niongezee ninunue sufuria. Kwa hiyo kwenye vitabu vyako afande hilo tukio halipo, kwenye daftari letu la doria lipo, na ukurasa una doa la mchuzi.

Tunaomba polisi kata alipitie hilo daftari kila mwisho wa mwezi achukue yote hata yasiyo na RB, na mwakani namba zikipanda asije mtu akasema tumezembea, zitakuwa zimepanda kwa sababu zimeandikwa. Na tochi pia afande, hizi tulizonazo haziwaki mpaka uzigonge.

Tunaomba kuwasilisha.