Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: gugu la maharage tunalipulizia tukiwa tumeshachelewa

Mheshimiwa Waziri, salamu na heshima zote. Mi ni mkulima wa maharage mapana, yale ya punje kubwa bapa, na naandika sababu inaniuma kuona watu wanapoteza shamba zima na dawa wanayo ndani.

Nazungumzia gugu la orobanke, lile halina jani la kijani hata moja, linajishika kwenye mzizi wa haragwe linanyonya maji na chakula chote. Sisi tumezoeshwa ukiliona ndo upige dawa, na hapo ndo tunapoumia, maana likishachomoza juu ya udongo limeshanyonya wiki kadhaa huko chini, haragwe limeshadhoofu. Mwaka niliosubiri lichomoze nilivuna maganda matupu.

Kinachosaidia ni glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, lakini kidogo sana, narudia kidogo sana, kama gramu 60 hadi 80 za kiini cha dawa kwa hekta, wakati kwenye magugu ya kawaida watu wanapiga hata gramu 1,000. Haragwe pana linaivumilia hiyo, linaishusha mpaka mizizini na gugu linainyonya. Inapigwa maua yanapoanza, gugu likiwa bado vinundu vidogo kwenye mzizi, alafu unarudia baada ya wiki mbili hivi. Ukizidisha tu maua yanapukutika, na haya maharage mengine ya kawaida hayaivumilii kabisa.

Sasa mheshimiwa, mkulima atajuaje yote haya kama lebo ina dozi ya kusafishia shamba tu na kifuniko cha chupa ndo kipimo chake? Naomba wataalamu wenu waipime kwenye udongo wetu, wakiridhika isajiliwe kwa kazi hii na dozi yake iandikwe kwenye lebo, na mabwana shamba waje kabla ya maua, wang'oe miche michache, waoshe mizizi watuonyeshe vile vinundu kwa macho. Watuambie pia dawa peke yake haitoshi, shina moja la gugu hili linaweza kumwaga mbegu zaidi ya 100,000 kama vumbi na zinakaa ardhini miaka 10 na zaidi, kwa hiyo magugu yaliyoponea yang'olewe kabla hayajakomaa yachomwe.

Waje mapema tu mheshimiwa, wakija wakati wa mavuno hawatakuta cha kuokoa.